Mabuu wa Nzi wa Pwani: Jinsi ya Kuwatambua Ndani ya Mwani

Siku chache baada ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, funua kwa kijiti lundo la mwani lililoachwa na maji juu ya mchanga, popote kati ya Lamu na Mtwara. Chini ya ganda la juu lililokauka utakuta unyevu, joto, na mara nyingi vidudu vyeupe au vya kahawia vinavyojinyonganyonga. Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja atasema ni funza, watu wasipite miguu mitupu. Mwingine atasema ni viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo malaria iko njiani. Wa tatu, mwenye shamba la mwani Paje au Kibuyuni, ataingiwa na hofu kwamba mazao yake yamepata ugonjwa. Picha ikishapigwa kwa simu na kusambazwa kwenye makundi, kila mtu huongeza lake, na aliyeuliza anabaki na woga tu.

Swali lenyewe ni la haki, na sehemu kubwa ya jibu haihitaji maabara. Miongoni mwa wadudu hao wamo watoto wa nzi wa pwani, nzi wadogo wasiomuuma mtu. Unaweza kuwatenganisha na wenzao kwa kuangalia sehemu mbili za mwili: kichwa na mkia. Mahali ulipowaokota, rangi yao na wingi wao ni dalili za kusaidia tu, na watu wengi hupotea kwa sababu huanza na hizo.

Maneno ya kuanzia

Nzi hupita hatua nne: yai, buu, pupa, na nzi kamili. Buu ndiye mtoto anayekula na kukua. Pupa ni hatua ya kutulia ndani ya ganda, ambamo mwili wa buu hubomolewa na kujengwa upya kuwa nzi mwenye mabawa. Wataalamu humwita mtoto wa mdudu yeyote wa aina hii lava. Buu ni lava wa nzi, na kiluwiluwi ni lava wa mbu. Kwa wengi wetu funza ni neno la kila kidudu chenye umbo la mnyoo mfupi, na pia ndilo jina la yule mdudu wa miguuni anayeitwa tekenya. Hapa nitatumia buu, tusije tukachanganya.

Mwani nao una mambo yake. Mwani wa kweli ni wa rangi tatu kuu: mwekundu, kama ule unaolimwa Zanzibar, kahawia, kama sargasamu, na kijani, kama ule mwembamba unaofunika mawe. Lakini lundo la ufukweni mara nyingi limejaa majani ya baharini, ambayo ni mimea yenye mizizi na maua iliyong'olewa na mawimbi. Juu ya vyote hivyo, na juu ya mawe na matope, kuna utando wa mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho, uliochanganyika na bakteria. Huo utando unaoteleza, ambao mtu huukwepa asianguke, ndio chakula kikuu cha mabuu wengi wa nzi wa pwani. Tukisema wanaishi kwenye mwani, tusidhani kwamba wanatafuna mwani mkubwa. Wengi wanakwangua na kuchuja kile kilichoota juu yake.

Nzi wa pwani wenyewe ni familia moja kubwa ambayo jina lake la kisayansi ni Ephydridae, yenye spishi zipatazo 2,000 duniani. Wengi wana urefu wa milimita chache tu, rangi ya kijivu au nyeusi iliyofifia, na uso uliotokeza mbele. Wanatembea juu ya matope, na baadhi yao hata juu ya maji yaliyotulia. Jina lisikuhadae: wapo pia bara, kwenye madimbwi, mifereji, mashamba ya mpunga na maziwa ya chumvi. Mdomo wa nzi kamili ni wa kufyonza na kulamba, hauna sindano ya kutoboa ngozi.

Wametoka wapi

Wapo wanaoamini kwamba uozo wenyewe huzaa wadudu. Imani hiyo ilikuwa imeenea sana kabla ya mwaka 1668, mtaalamu wa Italia Francesco Redi alipochapisha majaribio yake: nyama iliyoachwa wazi ilipata mabuu, nyama iliyofunikwa kwa kitambaa haikupata. Mabuu hutoka kwenye mayai ya nzi. Mwani ni hivyohivyo. Ukiokota mwani mbichi kutoka majini, ukausuuza vizuri na kuufunika kwa chandarua chenye matundu madogo sana, utaoza bila mabuu.

Kwa nini basi wanatokea kwa wingi mahali pale na wakati ule? Jibu liko kwenye bamvua, na hapa watu wa pwani mna faida kubwa kuliko wasomaji wa bara. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Maji ya bamvua hupandisha mwani hadi mstari wa juu kabisa wa ufuko. Kisha siku zinaelekea maji mafu, na bahari haifiki tena pale juu. Lundo hilo linakaa bila kuguswa na mawimbi hadi karibu na bamvua inayofuata, yaani muda wa wiki mbili pungufu kidogo.

Kwa nzi hicho ni kipindi cha thamani. Kwa spishi ndogo, penye joto, safari yote kutoka yai hadi nzi mwenye mabawa inaweza kumalizika ndani ya wiki mbili hivi. Anayetaga mapema juu ya mwani uliotupwa na bamvua anawapa watoto wake nafasi ya kumaliza kukua kabla bahari haijarudi. Ndiyo maana siku ya pili huoni kitu, siku ya sita mabuu wamejaa, na siku ya kumi na mbili unakuta vijipupa vya kahawia na wingu la nzi wadogo wanaoruka ukikanyaga. Anayepita mara moja tu huona kama balaa limezuka ghafla, kumbe ni ratiba ya mwezi.

Anza na kichwa

Chukua sahani nyeupe, weka maji ya bahari kidogo, dondoshea vidudu vitano au sita na uwaache watulie. Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Siku hizi hata kamera ya simu, ukiisogeza karibu kwenye mwanga mzuri, inaonyesha mengi.

Swali la kwanza: ana kichwa? Namaanisha kichwa cha kweli, kigumu, chenye umbo la duara au yai, mara nyingi cha kahawia au cheusi kuliko mwili, kinachotofautika wazi na kiwiliwili. Akiwa nacho, huyo si nzi wa pwani. Mara nyingi ni wa kundi la mbu na jamaa zake. Asipokuwa nacho, na badala yake mwili ukawa unachongoka kuelekea mbele, huyo ni buu wa nzi wa aina fulani. Ukimtazama dhidi ya mwanga utaona ndani ya ncha hiyo vijiti vyeusi vyenye kulabu. Hicho ndicho chombo chake cha kulia. Anakitoa nje, anakwangua, anakirudisha ndani. Watu hukosea sana hapa, kwa sababu mkia wa buu huwa mnene kuliko mbele, wakadhani upande mnene ndio kichwa. Mwangalie anaelekea wapi anapotambaa.

Wenye kichwa tuwamalize upesi, kwa kuwa ndio wanaozua hofu nyingi. Kiluwiluwi cha mbu kina kichwa, kina kifua kilichovimba kuliko sehemu nyingine zote za mwili, na hakina mguu hata mmoja. Kinahitaji maji ya wazi ambayo kinaweza kupanda juu yake kuvuta hewa. Watoto wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wa jamii nyingine huning'inia kichwa chini wakipumua kwa mrija mmoja wa nyuma. Ndani ya lundo la mwani lenye unyevu tu hakuna maji ya wazi, kwa hiyo kiluwiluwi hakina maisha pale.

Usubi, wale wadogo wanaouma sana jioni karibu na mikoko, wana watoto wembamba kama uzi, wenye kichwa kidogo kirefu na wasio na miguu. Wanaishi kwenye matope na mchanga wenye unyevu, na ukiwatia kwenye maji huogelea kwa kujikunja upesi upesi.

Kisha kuna vijimbu visivyouma, jamaa wa wale wanaopanda juu ya Ziwa Victoria kwa mawingu makubwa. Watoto wao wana kichwa wazi, jozi ya vijiguu nyuma tu ya kichwa na jozi nyingine mwisho wa mwili. Wengi hujijengea kijumba cha mrija kwa matope na hariri, na baadhi ni wekundu kwa sababu wana himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo. Wapo wa baharini kabisa. Kwenye pwani za Ulaya kuna spishi inayoitwa Clunio marinus ambayo watoto wake wanaishi kwenye mwani na mchanga unaofunikwa na maji karibu muda wote. Wakubwa hutoka wakati wa bamvua tu, maji yanapopwa kabisa, wakakutana, wakataga na kufa ndani ya saa chache. Jike hana hata mabawa. Kimdudu kisichozidi punje ya mchele kinaifuata kalenda ya mwezi kwa uhakika ambao mvuvi angeuheshimu.

Mkia ndio unaotenganisha

Sasa tuna buu asiye na kichwa. Swali la pili: anapumulia wapi?

Mabuu wa nzi hupumua hasa kwa matundu mawili yaliyo mwisho wa mwili. Kwa nzi wa nyumbani matundu hayo yako palepale nyuma, mahali ambapo mwili umekatika kama kwa kisu. Utaona madoa mawili ya kahawia au meusi na hakuna mkia wowote. Kwa mabuu wengi wa nzi wa pwani mambo ni tofauti. Mwili unaendelea nyuma na kuwa mrija, na mrija huo unagawanyika mwishoni kuwa vijitawi viwili, kila kimoja kikiwa na tundu lake nchani. Ni kama panda ya manati: mpini mmoja, pembe mbili. Kwa spishi nyingine panda ni ndefu na inaweza kurefushwa au kurudishwa ndani, kwa nyingine ni fupi hata ukahitaji lenzi kuiona. Kazi yake inaeleweka ukikumbuka wanapoishi. Buu anazama ndani ya utando wa mwani na matope yasiyo na hewa, akila, huku ncha za mkia zimebaki juu kwenye hewa.

Ukiiona panda hiyo kwa buu asiye na kichwa, aliyetoka kwenye mwani wa pwani, uko karibu sana na jibu. Geuza tumbo lake juu uendelee. Katika jenasi (kundi dogo ndani ya familia) ya Ephydra, ambayo ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, utahesabu jozi nane za vijiguu vya nyama, kila kimoja na safu za kulabu ndogo, na jozi ya mwisho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Kulabu hizo ni za kushikilia nyuzi za mwani mawimbi yanapovuta. Spishi nyingine hazina vijiguu, zina mistari tu ya vinundu na vinywele vya kukwaruzia, kwa hiyo kukosa vijiguu hakumwondoi mtu kwenye familia hii.

Pupa naye ni ushahidi mzuri, na watu humsahau. Pupa wa nzi wa pwani mara nyingi hubaki na mkia wake wa panda, na pupa wa Ephydra hung'ang'ania shina la mwani kwa vijiguu vya mwisho vilivyokauka vikiwa vimefumba. Pupa wa nzi wa nyumbani ni kipipa laini cha kahawia, hakina mkia wala hakishiki kitu.

Wapo wengine wasio na kichwa ambao unaweza kuwakuta kwenye lundo hilohilo. Mwenye mkia mmoja mrefu usio na panda, anaoweza kuurefusha kupita mwili wenyewe, ni mtoto wa nzi wa maua, wale wanaofanana na nyuki na kuganda hewani mbele ya maua. Kwenye pwani za baridi, kama Ulaya ya kaskazini, malundo ya mwani yanatawaliwa na nzi wa familia ya Coelopidae, na huko Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini yupo Coelopa africana anayelelewa na mwani mkubwa wa kahawia. Mabuu wao hawana mkia wa panda.

Mmoja tu nataka tumtazame kwa uangalifu zaidi, kwa sababu ana madhara. Nzi wa mazizini, Stomoxys calcitrans, ambaye hufanana sana na nzi wa nyumbani ila ana mdomo mgumu ulioelekezwa mbele na anauma kweli, anaweza kuzaliana kwenye majani ya baharini yanayooza. Kaskazini-magharibi mwa Florida, Marekani, anajulikana kwa miaka mingi kwa kuwasumbua watu wa ufukweni kwa njia hiyo. Buu wake hana mkia. Ana madoa mawili meusi nyuma, yaliyoachana zaidi kuliko ya nzi wa nyumbani. Kwa hiyo ukikuta kwenye lundo mabuu wanene wasio na mkia, na jioni watu wakalalamika kuumwa vifundoni na nzi, malalamiko yao yana msingi. Hili halihusiani na nzi wa pwani.

Mahali ambapo lenzi ya mkono inakoma

Panda ya mkia haimalizi kila kitu. Familia ndugu inayoitwa Canacidae, ambayo mabuu wake wanakwangua mwani juu ya mawe yanayofunikwa na kufunuliwa na maji, ina watoto wanaofanana sana na wa Ephydridae, hadi na mkia. Kuwatofautisha hutakiwa darubini, na mara nyingi kuchunguza vile vijiti vyeusi vya mdomo. Tena, spishi nyingi za nzi wa pwani zimepewa majina kwa kuangalia nzi kamili: mishipa ya bawa, nywele za uso, viungo vya dume. Mabuu wa spishi nyingi hawajawahi kuelezwa na mtu. Anayekutajia jina kamili la spishi kwa kutazama picha ya simu ya buu mmoja mweupe anakisia tu. Jina la familia linawezekana, na kwa shughuli za kawaida za pwani jina la familia linatosha.

Familia hii inastahili kujulikana hata na mtu asiyekuwa na lundo la mwani mbele yake. Kwenye Ziwa Mono, California, ambalo chumvi yake ni mara mbili hadi tatu ya bahari na samaki hawaishi humo, mabuu na pupa wa nzi wa pwani hujaa kiasi kwamba watu wa asili wa pale, Wakutzadika'a, waliwavuna pupa, wakawakausha na kuwala. Kwenye madimbwi ya lami ya La Brea, Los Angeles, kuna Helaeomyia petrolei, ambaye mabuu wake wanaogelea ndani ya mafuta ghafi, wakipumulia mkia juu, na kula wadudu walionasa. Na karibu na kwetu, mwaka 2007 watafiti waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa Kenya walichapisha uchunguzi wa nzi wa pwani aitwaye Ochthera chalybescens. Ana miguu ya mbele minene ya kukamatia kama ya vunjajungu, na aliwawinda na kuwala viluwiluwi vya Anopheles gambiae. Familia ambayo watu wanaituhumu kuleta malaria ina wawindaji wa mbu ndani yake.

Hata hivyo, si kila mmoja wao hana kosa. Mabuu wa jenasi ya Hydrellia hutoboa majani ya mpunga na kula ndani yake, na mkulima wa mpunga ana haki ya kuwachukia. Hao lakini hawakai kwenye mwani wa ufukweni.

Yanayosemwa barazani

Tuanze na malaria. Kuna ukweli mmoja unaochangia mkanganyiko: mbu wa malaria wa maji ya chumvi wapo kweli. Anopheles merus, ndugu wa Anopheles gambiae, huzaliana kwenye madimbwi ya maji ya chumvi kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Yupo pia Aedes pembaensis, mbu aliyepewa jina la Pemba, ambaye hutaga mayai yake juu ya miguu ya kaa wa mikoko, nao kaa huyapeleka kwenye mashimo yao yenye maji. Kwa hiyo chumvi haimzuii mbu. Kinachomzuia kwenye lundo la mwani ni kukosa maji ya wazi. Ukitaka kutafuta mbu wa pwani, liache lundo, kaangalie madimbwi yaliyotuama nyuma ya ufuko na mashimo ya kaa.

Tekenya ni kiroboto. Jike lake ndilo linaloingia kwenye ngozi ya mguu, na watoto wake wanakua kwenye udongo mkavu wa mchanga, ndani na nje ya nyumba. Buu wa nzi wa pwani hana namna ya kuingia kwenye ngozi ya mtu aliyepita.

Harufu nayo hutupiwa mabuu lawama. Lundo likiwa nene, ndani yake hewa huisha, na bakteria wanaoishi bila hewa hutoa hidrojeni salfaidi, gesi ileile inayotoka kwenye yai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi inaumiza macho na koo. Visiwa vya Karibi vimeliona hilo kwa uchungu tangu mwaka 2011, malundo makubwa ya sargasamu yalipoanza kufika kwenye fukwe zao. Mabuu hawatengenezi gesi hiyo. Kwa kutifua na kula wanaharakisha lundo kuoza na kwisha, na ndege wa pwani wanaokimbiakimbia kando ya maji huja kuwala wao. Anayesafisha ufuko kwa ajili ya wageni anaweza kuondoa mwani kwa sababu zake, lakini kunyunyizia dawa ya wadudu juu ya mstari wa maji ni kosa kubwa kwa maoni yangu. Bamvua ijayo inachukua dawa hiyo hadi kwenye majani ya baharini ambako samaki wadogo wanakulia.

Wakulima wa mwani ndio ninaowafikiria zaidi. Kilimo cha kibiashara cha mwani mwekundu kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na hadi leo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa wanawake. Matawi yanapopauka, yakawa laini na kukatika, hasara ni yao. Kupauka huko hutokana na mmea kuelemewa, hasa na joto la maji au mabadiliko ya chumvi, kisha bakteria humalizia. Wengine wanaoharibu shamba ni samaki aina ya tasi wanaotafuna matawi, urchini wa baharini wanaopanda juu yake, na mwani mwingine unaoota juu ya mwani. Buu anayepumua hewa kwa mkia hawezi kuishi kwenye kamba iliyo chini ya maji karibu muda wote. Ukimkuta kwenye mwani uliovunwa, tatizo liko ufukweni kwenye uanikaji: mwani ulilundikwa mbichi, au ulianikwa chini mchangani, mvua ikaunyea ukakaa na maji. Mwani ulioanikwa kwenye uchanja, ukageuzwa na kukauka barabara, hauna unyevu wa kumlea buu yeyote.

Ukitaka kuwa na hakika

Njia ya kuaminika kuliko picha yoyote ni kuwalea. Chukua chupa pana ya kioo, weka mchanga wenye unyevu wa kina cha vidole viwili, juu yake mwani wenyewe na mabuu kumi hivi. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira. Weka kivulini, rushia maji ya bahari kidogo mwani ukianza kukauka, na usiufunge kwa kifuniko cha plastiki kwa sababu watakosa hewa na wewe utapata harufu tu. Baada ya siku kadhaa pupa wataonekana kandokando ya kioo au kwenye mashina ya mwani, kisha nzi watatoka. Nzi mdogo wa kijivu mwenye uso uliotokeza na asiye na sindano mdomoni atakupa jibu ambalo buu peke yake asingekupa.

Kabla hawajageuka, toa mabuu wawili watatu uwahifadhi. Ukimtumbukiza buu hai moja kwa moja kwenye spiriti hugeuka mweusi na kusinyaa, na alama zote zinapotea. Mtie kwanza kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka, nusu dakika inatosha, ndipo umhamishie kwenye spiriti. Andika kwa penseli, kwenye karatasi inayoingia ndani ya chupa yenyewe, mahali, tarehe, hali ya bamvua, na aina ya mwani aliotoka. Wino huyeyuka ndani ya spiriti, penseli haiyeyuki. Kwa Zanzibar, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kuulizia. Kenya kuna Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi kule Mombasa, na mkusanyiko wa wadudu wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Nzi akishatoka, usitupe ganda tupu la pupa. Ganda hilo ni ngozi ya mwisho ya buu iliyokauka, na bado lina mkia, kulabu na vijiti vya mdomo alivyokuwa navyo. Liweke kwenye kichupa kimoja na nzi aliyetoka humo. Mtaalamu anaweza kumpa nzi jina kwa bawa lake, na kwa ganda akajua mtoto wa nzi huyo ana sura gani. Kwa pwani yetu, jozi za namna hiyo bado zinahitajika sana.